Mgeni Njoo, Sumaku Ipone?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama methali hii iliwahi kujaribiwa vikali kuliko kwenye maabara ya Philips mjini Eindhoven, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwenyeji alikuwa sumaku. Mgeni alikuwa hidrojeni.

Sumaku iliyotamba wakati huo ni ya samari na kobalti: atomu moja ya samari kwa tano za kobalti. Samari ni ya ukoo wa yale yanayoitwa madini adimu. Kobalti ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya nguvu, na samari inaishikilia nguvu hiyo ielekee upande mmoja, isiyumbe. Bila kushikiliwa hivyo, hakuna sumaku ya kudumu.

Mwaka 1969 Zijlstra na Westendorp wakaandika kwamba mchanganyiko huo unanyonya hidrojeni kwa wingi, na gesi ikishaingia, sumaku inalegea. Kuifuta usumaku wake kunakuwa rahisi. Kwa anayetaka sumaku imara, hiyo ni habari mbaya tupu. Ungedhani hadithi imeishia hapo: mgeni afukuzwe, mlango ufungwe.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Gesi iliyoingia ilikuwa inatoka shinikizo likipungua. Wenzao palepale Philips, akina van Vucht, wakageuza swali: tukiiacha sumaku kando, metali hii si ghala? Mahali pa samari wakaweka lanthani, mahali pa kobalti wakaweka nikeli. Mwaka 1970 wakaonyesha kwamba lanthani moja na nikeli tano hubeba takriban atomu 6 za hidrojeni kwenye joto la kawaida la chumbani, kisha huziachia. Metali yenyewe huvimba kwa karibu robo ya ujazo wake. Kwenye ukoo huo ndiko zilikotoka betri za Toyota Prius ya kwanza, mwaka 1997. Kwa hiyo ukiona Prius kuukuu ikikatiza mtaani Nairobi, jua ina babu aliyekuwa sumaku mgonjwa.

Miaka ya 1980 ikaja sumaku ya neodimi, chuma na boroni, iliyopatikana Japani na Marekani karibu wakati mmoja. Hapa mgeni ana sura mbili. Atomu za chuma zimebanana mno, na hidrojeni ikipenya inazisogeza, hivyo mpangilio wao wa kisumaku unastahimili joto kali zaidi. Lakini papo hapo inalegeza mkono wa neodimi unaoshikilia mwelekeo. Anaponya huku, anaumiza kule.

Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, Rex Harris na wenzake wakautumia uharibifu wenyewe. Hidrojeni inapovimbisha bonge la sumaku, bonge linapasuka na kuwa unga, bila nyundo. Unga huo, kwa kuwa umelegea, haung'ang'aniani sana. Ukipashwa moto ndani ya ombwe, gesi inatoka na mkono wa neodimi unakaza tena. Leo mbinu hiyohiyo hutumika kutoa sumaku kwenye diski za kompyuta zilizotupwa.

Sisi wasomaji tumezoea historia za sayansi zenye shujaa anayefaulu. Hii ilianza kwa watu waliopima kitu kinachoharibika, wakachapisha vipimo vyake badala ya kuvitupa jalalani. Nadhani hilo linatuhusu. Neodimi ipo Ngualla, mkoani Songwe, na tukizungumzia madini yetu mazungumzo huishia kwenye mrabaha na malori ya kubebea. Ni sawa, pesa ni pesa. Ila Eindhoven hawakuwa na machimbo ya samari. Walikuwa na mizani, daftari, na mwajiri aliyewalipa kuchunguza kwa nini kitu kimeharibika. Mshahara wa namna hiyo, kwetu, nani anaulipa?