Nani alipie saa ya kupiga kura?

Bunge la Marekani lilipopanga siku ya kumchagua rais, mwaka 1845, wapiga kura wengi walikuwa wakulima. Novemba mavuno yamekwisha. Jumapili ni ya kanisa. Jumatatu mtu yuko njiani na farasi wake. Basi ikawa Jumanne. Viwanda vilipojaa mijini, Jumanne ikageuka siku ya kazi kama nyingine, na kura ya mwajiriwa ikawa inamtegemea msimamizi wa zamu.

Majimbo yakaanza kutunga sheria za ruhusa. Missouri ilitunga yake mwaka 1897: saa 4 za kwenda kupiga kura, na mshahara usikatwe. Sheria hiyo ilikuja kupimwa St. Louis, Jumanne ya Novemba 5, 1946, katika kampuni ya taa ya Day-Brite. Vituo vilikuwa wazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni. Zamu ilianza saa 2 asubuhi na kwisha saa 10 na nusu. Mfanyakazi mmoja aliomba saa 4 zenye malipo. Akakataliwa, ila yeye na wenzake wakaruhusiwa kutoka saa 9 alasiri, wapate saa 4 kamili kabla vituo havijafungwa. Saa moja na nusu ya zamu iliyobaki haikulipwa.

Kampuni ikashtakiwa, ikatozwa faini, ikakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Fedha zenyewe zilikuwa kiduchu. Ugomvi ulikuwa nani abebe gharama. Mahakama za Illinois na Kentucky zilikwishazitupilia mbali sheria za namna hiyo, za New York na California zikazikubali. Machi 1952 Jaji William O. Douglas aliandika kwamba, kama jimbo linaweza kumlazimisha mwajiri alipe kima cha chini cha mshahara, hili nalo linawezekana. Jaji Robert Jackson, aliyewahi kuongoza mashtaka ya Marekani kule Nuremberg, alipinga peke yake: kwa nini mzigo wa mpiga kura atwishwe mtu mwingine, ati kwa kuwa amemwajiri? Swali zito hilo. Lakini mkulima hujipangia saa zake. Mtu wa zamu amekwishaziuza.

Leo Missouri inatoa saa 3, kwa aliyeomba kabla ya siku ya uchaguzi na asiye na saa 3 mfululizo nje ya zamu yake wakati vituo viko wazi. Sheria ya nchi nzima haipo: ukivuka mpaka wa jimbo, haki hiyo yaweza kupungua, au usiikute kabisa.