Neno "Baridi" na Dawa ya Ugonjwa wa Mwinuko

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Mmoja wa viongozi wake wa safari aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Jina hilo halikuwa la ujinga. Mtu ambaye hajapata kuigusa theluji aliitaja kwa athari yake mwilini.

Pwani ni nchi ya chini. Mtu wa Miono, bara kidogo ya Saadani, aweza kuishi umri wake wote asipande mahali pa kumpunguzia pumzi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalichapishwa na Velten mwaka 1903, ameeleza maradhi ya watu wake, waganga wao na pepo wao. Na mlima nao watu wa pwani waliupima kwa kipimo hicho. Palisimuliwa kwamba Rungua, Mangi wa Machame, alipeleka watu kuuchungua weupe ule, akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibika. Pwani walisema ni kazi ya pepo.

Viungo viliharibiwa na baridi, hapana shaka. Lakini neno hilo lilifunika ugonjwa wa pili: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi, pumzi kukatika. Blanketi na moto havimfai mgonjwa huyu. Sababu yake ilithibitishwa na Paul Bert wa Ufaransa katika kitabu chake cha mwaka 1878, nayo ni uchache wa oksijeni katika hewa nyepesi. Kileleni Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani.

Dawa ilitoka mahali pasipotazamiwa. Asetazolamidi ilianza kutumika katika miaka ya 1950 kwa kutoa maji mwilini na kwa maradhi ya macho. Huzifanya figo zitoe chumvi za namna ya magadi, damu ikawa na uchachu kidogo, na mtu akapumua zaidi, hata usingizini. Mwaka 1981 yalichapishwa Uingereza matokeo ya jaribio la wapandaji 24 waliopanda Kilimanjaro, kisha Mlima Kenya, wengine wakimeza dawa, wengine kidonge kitupu, wasijue nani kapewa nini. Katika Kilimanjaro walifika kileleni 11 wa dawa, na 4 tu wa kidonge kitupu.

Siku hizi huanzwa siku moja kabla ya kupanda, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni. Vidole huchonyota, na mkojo huzidi. Deksamethasoni hutumika ubongo ukivimba, nifedipini mapafu yakijaa maji. Lakini hizo ni za kumpa mgonjwa nafasi ya kuteremshwa, wala si za kumwezesha kuendelea kupanda.

Hapo neno la mwaka 1848 bado lina hatari yake. Mpagazi asemaye kambini "nasikia baridi" aweza kupewa koti na chai akaachwa alale. Huyo aulizwe pia habari ya kichwa na pumzi, atembezwe hatua chache. Akipepesuka, ateremshwe usiku huo huo.