Pengo la kidijitali katika shule za Kilema
Pengo la kidijitali ni tofauti kati ya wanafunzi wanaosoma kwa kompyuta na intaneti na wale wasiovipata. Nchini Tanzania pengo hilo hutenganisha mji na kijiji, shule binafsi na za serikali, hata watoto wa ukoo mmoja.

Kilema, katika Wilaya ya Moshi mkoani Kilimanjaro, haikuchelewa kupata elimu: Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo mwaka 1890. Lakini shule zimetawanyika kati ya vihamba vya migomba na kahawa, kwenye miteremko iliyokatwa na makorongo, na miinuko ya namna hiyo huzuia mawimbi ya simu. Umeme peke yake nao hautoshi; kompyuta hudai fundi, bando na mwalimu anayeijua.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, pengo hilo lilionekana wazi: zenye ada kubwa nchini ziliweza kuendelea kwa video na WhatsApp. Wanafunzi wengine walibaki na vipindi vya redio na televisheni hadi shule zote zilipofunguliwa tarehe 29 Juni. Simu, ambayo mwanafunzi kwa kawaida hukatazwa kuja nayo shuleni, ndiyo iliyogeuka darasa, kama mzazi alikuwa nayo.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, hugharimia minara vijijini na umegawa kompyuta kwa shule za umma. Kuzitunza ndiko kugumu, kwa kuwa fedha ni chache. Chini ya mpango wa elimu bila ada ulioanza 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, vitabu vikiwemo.