Breki na Nguvu ya Kuazima

Watu wengi huisifu motokaa kwa mbio zake, wachache huisifu kwa kusimama kwake. Walakini mbio zisingalivumilika kama pasingalikuwa na chombo cha kuzizuia, na chombo hicho kina historia yake. Mwenye kutaka kuitazama kwa macho hana haja ya kusafiri Ulaya. Bara ya Mombasa, tangu Kisauni na Changamwe hata Likoni, ina hatua zake karibu zote, nazo hupitana katika barabara moja kwa siku moja.

Hatua ya kwanza ni mkokoteni. Huko Kongowea, mwenye mkokoteni uliojaa magunia ashukapo mteremko huinua mikono ya chombo chake juu, hata kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu kilichofungwa nyuma kikagusa lami na kuburura. Uzito wa mzigo, ambao ndio adui yake, hugeuzwa kuwa kizuizi. Motokaa za kwanza hazikuwa na akili kubwa kuliko hii. Nyingi zilisimamishwa kwa kigogo kilichokandamizwa juu ya gurudumu, au kwa ukanda ulioukaza mhimili.

Katika mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alipata hati ya haki ya kubuni breki ya ngoma, ambayo viatu viwili hutanuka ndani ya duara la chuma na kulisugua. Mwaka huo huo Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati kwa breki ya diski, lakini wakati wake ulikuwa haujafika. Kwa miaka mingi nguvu ya mguu ilipelekwa kwenye magurudumu kwa fito na nyaya. Nyaya hulegea, na mbili hazilegei sawasawa. Basi motokaa ikipigwa breki huvutwa upande mmoja. Dawa yake ilikuwa maji, au hasa mafuta ndani ya bomba, kwa kuwa kitu kioevu kilichofungiwa hukandamiza pande zote kwa usawa. Mwamerika Malcolm Loughead ndiye aliyeitengeneza breki hiyo ikafaa kwa motokaa, na gari la Duesenberg lilitoka nayo katika magurudumu yote manne mwaka 1921. Kampuni ya Ford ilishikilia fito na nyaya hata magari yake ya 1939. Ukaidi huo sioni sababu ya kuusifu.

Mpaka hapa nguvu yote ilikuwa ya binadamu. Mafuta na wenzo viliikuza, lakini haikutoka kwingine ila mguuni. Gari la moshi lilikwisha kuvuka mpaka huo zamani. George Westinghouse wa Marekani alipata hati ya breki ya hewa mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaigeuza kwa hekima kubwa: hewa ikipungua katika bomba, breki hufunga badala ya kufunguka. Behewa likikatika njiani, hujisimamisha lenyewe. Malori makubwa yapangayo foleni Changamwe kuelekea bandarini yana ukoo na wazo hilo. Ule mlio wa kupumua usikiwao yanaposimama ni hewa itokayo, na hewa ikiisha kabisa, springi kali huyafunga magurudumu ya nyuma.

Motokaa ndogo ilifuata njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mbelgiji Albert Dewandre alitengeneza chombo kinachotumia ombwe, yaani upungufu wa hewa. Injini ya petroli inapovuta pumzi huacha ombwe katika bomba lake. Dewandre alilipeleka ombwe hilo upande mmoja wa sahani, na upande wa pili akaruhusu hewa ya nje iisukume. Gari la Pierce-Arrow la Marekani lilitumia chombo cha namna hiyo mwaka 1928. Mafundi wetu hukiita busta. Hivyo nguvu ya busta kwa kweli ni ya hewa tunayoivuta, ambayo Mombasa, pwani ya bahari, hukandamiza kwa kilo moja hivi katika kila sentimita mraba. Nairobi, penye urefu wa zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ni kama sehemu nne kati ya tano za hizo tu. Busta ile ile, basi, ina misuli zaidi Kisauni kuliko Nairobi.

Hata hivyo busta ilikawia kuenea. Sababu ni kwamba ngoma ina hila yake: kiatu cha mbele kikishagusa, mzunguko wa gurudumu hukivuta kikaze zaidi, na dereva husaidiwa bila gharama. Diski haina hila hiyo. Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 kwa breki za diski, ulimwengu uliona kwamba diski haichoki kwa joto upesi kama ngoma. Lakini magari mazito yenye diski yalidai nguvu nyingi kuliko mguu wa mtu wa kawaida. Ndipo busta ikawa kitu cha lazima.

Afrika ya Mashariki ilizoea miguu migumu kwa muda mrefu. Land Rover zilizoanza kutengenezwa 1948 hazikuwa na busta. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally na yalishuka hata Mombasa mara nyingi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyashinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 yenye ngoma katika magurudumu manne. Tangu 2003 pamekuwa na mashindano ya magari ya kale yaitwayo East African Safari Classic, ambayo mara kadhaa yameanzia au kumalizikia pwani. Björn Waldegård wa Sweden, akiwa na mwanawe Mathias, aliyashinda mwaka 2011 kwa Porsche 911, gari ambalo matoleo yake ya miaka ya 1960 hayakuwa na busta. Mafundi wengi wa magari ya mashindano huitoa busta kwa makusudi hata ikiwapo, ili dereva asikie kwa unyayo wake gurudumu linapokaribia kuteleza.

Kwa mwenye motokaa ya kale asiyeshindana na mtu, sababu huwa nyingine. Mpira wa ndani ya busta huzeeka ukapasuka, chumvi ya bahari hula bati lake, na kipuri cha gari la miaka sitini hakipatikani dukani. Fundi hushauri itolewe. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana kuitoa ni kazi ya saa chache, na kuilipia nguvu iliyoondoka ni kazi ya hesabu.

Tuseme mguu hukandamiza kwa kilo 30, na wenzo wa pedali huzizidisha mara nne zikawa 120. Busta yenye sahani ya kipenyo cha sentimita 20, ikipata ombwe zuri, huongeza kama kilo 220. Jumla ni 340. Pistoni ya masta yenye kipenyo cha inchi 1 ina eneo la sentimita mraba 5 na kidogo, basi mafuta hupata shinikizo la kilo 67 hivi kwa kila sentimita mraba. Ondoa busta bila kugusa kitu kingine: shinikizo huanguka hata 24. Gari litasimama, lakini si mahali dereva alipokusudia. Sasa badili wenzo uwe wa sita kwa moja, na masta iwe ya robo tatu ya inchi. Mguu ule ule hutoa kilo 63, karibu sawa na mwanzo. Bei yake ni mwendo: pedali itasafiri zaidi ya mara mbili na nusu, na hewa kidogo tu ikibaki katika mabomba, itafika chini kabla ya kazi kwisha. Fundi anayeng'oa busta na kuziba tundu lake, asibadili wenzo wala masta, amemkabidhi mwenye gari chombo kilicho dhaifu kuliko mkokoteni wa Kongowea.

Mtu aweza kuuliza faida ya taabu hii yote. Jibu liko Likoni, ambako feri zimevusha watu na magari tangu 1937. Mteremko wa kuingilia hubadilika kwa bahari: maji yakijaa huwa mpole, yakipwa huwa mkali, hasa wakati wa bamvua. Tarehe 29 Septemba 2019 motokaa iliyokuwa ndani ya feri MV Harambee iliteleza kinyumenyume ikatumbukia kivukoni, mama na binti yake wakafa. Wazamiaji waliitoa tarehe 11 Oktoba. Nalitaja si kwa kutafuta mkosaji, bali kwa kuwa linaonyesha jinsi sakafu ya feri isivyosamehe.

Basi fikiri dereva aliyezima injini juu ya sakafu hiyo. Busta hutunza akiba ya ombwe kwa kanyago mbili au tatu. Zikiisha, pedali hugeuka ngumu, na mguu uliozoea kusaidiwa hudhani breki zimekufa, kumbe zinadai nguvu mara tatu. Wazee na wenye miguu dhaifu huenda wasiweze kuitoa. Kwao busta ni neema, nami nisingemshauri yeyote kati yao aiondoe. Kwao na kwa wengine wote, breki ya mkono na gia vitangulie kabla ya ufunguo kuzungushwa.

Mafundi wana jaribio la zamani lisilohitaji kifaa. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne au tano hata iwe ngumu, uiache mguuni, kisha washa injini. Busta ikiwa hai, pedali huzama kidogo chini ya unyayo. Katika motokaa iliyobadilishwa, injini huwaka na mguu hausikii kitu.