Nyotamkia ya Halley: Jinsi hesabu zinavyofuatilia mgeni wa angani

Usiku wa Desemba 25, 1758, mkulima mmoja wa Ujerumani, Johann Georg Palitzsch, aliyekuwa amejifunza mwenyewe elimu ya nyota, alielekeza darubini yake angani akiwa karibu na mji wa Dresden. Aliona doa hafifu la mwanga, mfano wa ukungu mdogo. Doa hilo lilikuwa jibu la swali lililowashughulisha wataalamu wa Ulaya kwa zaidi ya nusu karne: je, kurudi kwa nyotamkia kunaweza kutabiriwa kama inavyotabiriwa siku ya kupatwa kwa mwezi?

Kabla ya hapo, nyotamkia, ambayo pia huitwa kometi, ilikuwa ni kitu cha kutisha. Ilizuka bila taarifa, ikaonekana kwa majuma kadhaa, kisha ikatoweka. Kwa sababu hiyo, watu wa mataifa mengi waliihusisha na vita, maradhi na vifo vya wafalme.

Mwaka 1705, Mwingereza Edmond Halley alichapisha hesabu za njia za nyotamkia 24, akitumia kanuni za mvutano zilizogunduliwa na Isaac Newton. Katika hesabu hizo alibaini kuwa nyotamkia zilizoonekana mwaka 1531, 1607 na 1682 zilipita karibu njia ile ile. Alihitimisha kuwa hazikuwa tatu bali moja, inayolizunguka Jua kwa takriban miaka 76, na kwamba ingerudi mwishoni mwa mwaka 1758 au muda mfupi baadaye. Halley alifariki mwaka 1742 bila kushuhudia ukweli wa maneno yake.

Kazi ya kutafuta tarehe yenyewe ilibaki kwa Wafaransa watatu: Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na mwanamke mahiri wa hesabu, Nicole-Reine Lepaute. Kwa miezi kadhaa walikokotoa kwa mkono jinsi mvutano wa sayari kubwa ulivyoivuta nyotamkia hiyo safarini. Matokeo yalionesha kuwa Mshtarii ingeichelewesha kwa siku 518 na Zohali kwa siku 100. Novemba 1758 Clairaut alitangaza kuwa ingefika karibu kabisa na Jua katikati ya Aprili 1759, na kwamba huenda makosa yakawa ya mwezi mmoja.

Ilifika Machi 13, 1759. Kosa lilikuwa la mwezi mmoja tu katika safari ya miaka 76, ilhali sayari za Uranusi na Neptuni, ambazo nazo zina mvutano wake, zilikuwa hazijagunduliwa.

Njia hupatikanaje

Misingi ya kazi hiyo haijabadilika hadi leo. Mtazamaji hupima mahali nyotamkia ilipo kwa kuilinganisha na nyota zilizo jirani nayo, ambazo nafasi zake zimekwishaorodheshwa. Kila nafasi huandikwa kwa namba mbili, mfano wa latitudo na longitudo za ramani ya Dunia, pamoja na saa kamili ya kipimo.

Vipimo vitatu vya nyakati tofauti hutosha kwa kawaida kutoa makisio ya kwanza ya njia. Makisio hayo hueleza umbo la njia, ukubwa wake, mlalo wake na siku ambayo nyotamkia itakuwa karibu kabisa na Jua. Kutokana nayo hutengenezwa jedwali la mahali pa kuitafuta kila usiku. Hata hivyo, makisio ya siku chache huwa na makosa makubwa, na ndiyo maana vipimo vipya hupokewa kila mara kutoka pande zote za dunia. Kituo cha kimataifa cha kuvikusanya, Minor Planet Center, kipo Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani.

Mvutano peke yake hautoshi kueleza kila kitu. Mwaka 1950 Mmarekani Fred Whipple alieleza kuwa kiini cha nyotamkia ni bonge la barafu lililochanganyika na vumbi. Barafu hiyo ikipashwa joto na Jua hutoa gesi kwa nguvu, na gesi hiyo huisukuma nyotamkia kidogo nje ya njia iliyokadiriwa. Kwa Halley, msukumo huo huichelewesha kwa takriban siku nne katika kila mzunguko.

Mng'aro ni mtihani mgumu zaidi

Iwapo njia hukokotolewa kwa uhakika, mng'aro ni jambo jingine. Katika kipimo kinachotumiwa na wataalamu, namba ikiwa kubwa mwanga huwa mdogo, na tofauti ya hatua tano ni sawa na mara 100. Jicho tupu hufikia takriban namba 6 penye giza kamili. Katikati ya jiji lenye taa nyingi halifikii hapo.

Mng'aro hutegemea umbali wa aina mbili: kutoka Duniani na kutoka kwenye Jua. Mwamba mtupu ukisogea nusu ya umbali wake kutoka kwenye Jua hupokea mwanga mara nne zaidi. Nyotamkia yaweza kung'aa mara 16 au zaidi, kwa kuwa joto huongeza pia gesi na vumbi.

Lakini si zote zinazotii kanuni hiyo. Kohoutek ya mwaka 1973 ilitangazwa kwa kishindo na kuwavunja moyo waliokesha kuisubiri. Kinyume chake, Oktoba 2007 nyotamkia Holmes, iliyokuwa hafifu mno, iling'aa takriban mara nusu milioni katika muda usiotimia siku mbili. ISON nayo, iliyotarajiwa kupamba anga, ilisambaratika ilipopita karibu na Jua Novemba 28, 2013.

Faida ya ufuatiliaji

Ufuatiliaji huo si burudani tu. Nyotamkia Shoemaker-Levy 9 iligunduliwa Machi 1993 ikiwa imekwisha kuvunjwa vipande na mvutano wa Mshtarii. Katika miezi michache tu, hesabu za njia yake zilionesha kuwa vipande hivyo vingeigonga sayari hiyo. Ndivyo ilivyokuwa kati ya Julai 16 na 22, 1994, na makovu meusi yaliyobaki yalionekana hata kwa darubini ndogo.

Aidha, hesabu huondoa hofu zisizo na msingi. Mei 1910, ilipofahamika kuwa Dunia ingepita katika mkia wa Halley ambao wataalamu walikuwa wamegundua ndani yake gesi ya sumu, walijitokeza wafanyabiashara wakiuza vidonge vya kinga. Mkia ulikuwa mwembamba mno, na hakuna aliyedhurika.

Halley ilirudi tena Februari 9, 1986, lakini wakati huo Dunia ilikuwa upande wa pili wa Jua, hivyo wengi waliona mwanga hafifu. Waliopata nafasi nzuri ni wakazi wa kusini mwa dunia, mwezi Aprili, ilipokuwa umbali wa takriban kilometa milioni 63. Machi mwaka huo chombo cha Ulaya, Giotto, kilipita kiasi cha kilometa 600 kutoka kwenye kiini chake na kukuta bonge jeusi lenye urefu wa takriban kilometa 15.

Desemba 2023 nyotamkia hiyo ilifika ncha ya mbali kabisa ya njia yake, zaidi ya kilometa bilioni tano kutoka kwenye Jua, ikienda polepole kwa chini ya kilometa moja kwa sekunde. Tangu hapo imeanza kurejea. Kwa sasa haionekani kwa macho, lakini kila mwaka, Mei na Oktoba, Dunia hupita katika vumbi iliyoliacha njiani, na vimondo vyake huonekana vikichoma anga ya Afrika Mashariki kabla ya mapambazuko.

Hesabu zinaonesha kuwa itafika karibu na Jua Julai 28, 2061, safari hii ikiwa upande mmoja na Dunia na yenye mng'aro zaidi kuliko mwaka 1986. Mtoto anayeanza shule leo atakuwa mtu mzima siku hiyo, naye atajua mapema ni upande gani wa anga aelekeze macho.