Akili ya Hisia: Kinachotokea Kichwani Kabla Hujajibu Meseji kwa Hasira

Saa tatu usiku, meseji ya bosi inaingia: "Kesho tuongee." Maneno mawili tu. Kabla mtu hajaiweka simu chini, moyo unamdunda, viganja vimelowa jasho, na kichwani tayari ameshafukuzwa kazi. Wengine hapo hapo wanaandika jibu refu la kujitetea, tena kwa ukali. Asubuhi kumbe bosi alitaka kuuliza habari za likizo, lakini jibu la usiku ameshalisoma.

Kiswahili huweka hisia moyoni: moyo mzito, roho juu, kufa moyo. Ila kazi kubwa inaanzia kwenye ubongo. Ndani kabisa, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu mbili ndogo zenye umbo la lozi zinazoitwa amigdala. Ni kama mlinzi wa geti: zinakagua kinachoingia na kupiga king'ora zikihisi hatari. King'ora kikilia, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, mapigo ya moyo yanapanda, misuli inakaza. Mwili uko tayari kupigana au kukimbia, wakati mwenyewe amekaa tu kitandani na simu.

Mwanasayansi wa Marekani Joseph LeDoux, aliyefanya utafiti kwa panya, alieleza kwamba taarifa ya hatari hufika kwenye amigdala kwa njia mbili. Moja ni ya mkato: ina haraka, lakini haioni vizuri, ikikuta kamba inadhani nyoka. Nyingine inazunguka kupitia gamba la ubongo, inachelewa kidogo ila inaleta picha kamili. Ndiyo maana mtu huruka kwanza, kisha anajicheka.

Anayemtuliza mlinzi huyo ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hupima, hukumbuka matokeo, huzuia mkono usibonyeze "tuma". Sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, jambo ambalo wazazi wenye vijana nyumbani hawahitaji kuambiwa na mtafiti.

Sasa, akili ya hisia ni nini? Mwaka 1990 wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliieleza kama uwezo wa kutambua hisia, zako na za wenzako, kuziongoza, na kuzitumia katika kufikiri. Mwaka 1995 kitabu cha mwandishi Daniel Goleman kiliifanya maarufu duniani, na hapo chumvi ikaongezwa: eti inaweza kuwa na uzito kuliko akili ya darasani. Madai hayo bado yanabishaniwa sana.

Kosa la kawaida ni kudhani mwenye akili ya hisia ni yule asiyekasirika. Daktari Antonio Damasio aliandika mwaka 1994 kuhusu mgonjwa aliyempa jina Elliot, aliyeondolewa uvimbe kwenye ubongo na kuharibika eneo la mbele. Vipimo vya akili alifaulu vizuri tu. Hisia ndizo zilizopotea. Alisimulia mikasa yake mwenyewe kama habari ya mtu mwingine. Mtu mtulivu kuliko wote, lakini maamuzi ya kila siku yalimshinda. Kazi ikapotea, ndoa ikavunjika. Bila hisia, hakuna kinachomwambia mtu kwamba hili lina uzito kuliko lile.

Kwa hiyo kuzizima siyo dawa. Kinachosaidia ni kuzipa jina. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake, kule California, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au woga huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, amigdala ilipunguza kelele na sehemu ya mbele ikaongeza kazi.

Jina liwe sahihi, lakini. "Nimekasirika" inaweza kuwa nimedharauliwa, naona wivu, nina aibu, naogopa kukosa kodi ya nyumba. Mara nyingine ni njaa na usingizi tu. Aliyedharauliwa anahitaji mazungumzo. Mwenye njaa anahitaji sahani ya wali. (Wasiwasi au huzuni isiyoisha kwa wiki kadhaa ni suala la daktari, siyo la kujikaza.)

Turudi kwa "Kesho tuongee." Moyo utadunda vilevile, hilo halizuiliki. Mtu akijiambia, "Hii ni hofu ya kazi, bosi hajasema chochote kibaya," tayari sehemu ya mbele imeingia kazini. Jibu linakuwa fupi: "Sawa bosi, saa ngapi?"