Usiku Mtakatifu: wimbo uliozaliwa bila kinanda

Desemba ikiingia Mhunze, Usukumani, mchana watu wako kwenye pamba, jioni wanakwaya wako kanisani wakijiandaa na mkesha. Hata saa mbili usiku joto halijatulia. Katika jasho hilo huimbwa wimbo uliotoka kwenye baridi ya Austria, ule wa usiku mtakatifu, na sauti zote nne humtegemea mpiga kinanda mmoja.

Ajabu ni kwamba wimbo huo ulizaliwa bila kinanda. Padri Joseph Mohr aliandika shairi mwaka 1816. Tarehe 24 Desemba 1818, huko Oberndorf, alimpa Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga kinanda, alitie sauti kwa waimbaji wawili, kwaya na gitaa. Wimbo ukaimbwa usiku uleule. Hadithi inayosimuliwa sana, ya panya walioguguna kinanda cha kanisa, ni tamu, lakini Gruber alipoandika chanzo cha wimbo mwaka 1854 hakuwataja panya wala kinanda kibovu.

Usukumani kubadili nyimbo za kanisa si jambo geni. Miaka ya 1950, Padri David Clement wa Bujora aliingiza ngoma na sauti za Kisukuma kwenye ibada; hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya 4 Desemba 1963, ikafungua mlango kwa wote. Njia moja ya kuubadili wimbo huu ni jazi, ingawa jazi yenyewe tuliipokea nusu. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz zilijengwa juu ya magitaa, saksafoni na tarumbeta. Piano ya peke yake ilibaki Marekani.

Huko ndiko mpiga piano wa jazi Dave Brubeck, akiwa na miaka zaidi ya 75, alikotoa mwaka 1996 albamu ya Krismasi ya piano tupu, wimbo wa Gruber ukiwamo. Kwa nini wimbo huo unakubali jazi kirahisi hivyo? Uhesabu kwa mdundo wa sita kwa nane alioutumia Gruber: vipimo 12, na kodi (chord) tatu zinautosha. Bluzi, msingi wa jazi, nayo ina vipimo 12 na kodi tatu.

Anayepiga peke yake ndiye kwaya nzima. Kidole kidogo cha mkono wa kulia ni soprano, mkono wa kushoto unashika besi, alto na tenor wanagombania vidole vilivyobaki. Kisha huja utundu. Ukipiga kwa C, kipimo cha nne kwaya hutulia palepale kwenye C kabla ya kwenda F. Mtu wa jazi hatulii: anagusa G maina ya saba, anapita C ya saba, ndipo anaingia F. Sauti ya juu haijabadilika hata noti moja, lakini msikilizaji anageuza shingo.

Mpiga kinanda wa Mhunze, jaribu hilo kwenye mkesha, ubeti mmoja tu, kwaya ikinyamaza. Ila kwanza zima ule mdundo wa mashine ulio ndani ya kinanda chako.